Stationari ya Mashine Tatu: nakala ya kwanza, sahihi, basi

Mwaka wa pili sasa nachapisha kazi za shirika letu kwenye kiduka kimoja cha eneo la Mashine Tatu, Iringa mjini, na wanastahili kusemwa vizuri.

Sisi ni shirika dogo la lishe, kazi zetu ziko vijijini Kilolo. Mkoa wetu haukosi mahindi wala viazi wala mboga, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu asilimia 57 ya watoto wa mkoani hapa wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Ukishinda na namba hiyo kichwani, unaona kila karatasi inayotoka ofisini isiwe hata na doa. Ndivyo nilivyokuwa. Mwaka juzi, duka jingine, nilirudisha bango mara nne kwa sababu ya rangi na ukubwa wa nembo ya mfadhili, mpaka Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ikapita. Wahudumu walifundisha mikono mitupu. Linaniuma hadi leo.

Hapa utaratibu ni mmoja. Wanakutolea nakala ya kwanza, unaisoma palepale kaunta, unasahihisha kwa kalamu, unaweka sahihi. Ukishasaini, mashine inaanza.

Mwezi uliopita nilipeleka kipeperushi, nakala 300. Nikang'ang'ania kijani cha majani ya maboga, nikisema kimekolea mno. Mama mwenye duka hakubishana nami. Alichukua karatasi, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, kidole juu ya mstari. Akanyamaza.

"Mwanangu, hapa mmeandika mtoto aanzishiwe chakula cha nyongeza akifikisha miaka 6?"

Ni miezi 6. Faili ile nilikaa nayo siku tatu nikihamisha picha huku na huku, na neno hilo likanipita kila mara. Nikakata "miaka", nikaandika "miezi", nikasaini. Kijani nikakiacha kilivyo.

Kule Kilolo mama mmoja aliuliza kama yale ya kwenye picha ni majani ya maboga au figiri. Nikamjibu, na hapo hapo wenzake wakaanza kubishana yapi yanakubali zaidi kuungwa kwa karanga. Somo la siku ile tulilianzia hapo.

Bei zao ni za kawaida: kufunga ripoti kwa spairo nililipa 3,000, jalada la plastiki likiwemo. Umeme ukikatika utangoja, na hakuna hata stuli ya kukalia. Jumatatu usiende, wanafunzi wa vyuo wanajaa mpaka barazani. Mimi huenda Jumatano asubuhi. Wiki hii napeleka ripoti ya mwaka, kurasa 40. Nimemwomba mhasibu wetu azipitie tarakimu zote. Mpangilio sitaugusa tena.