Miaka 17, saratani ya damu: wodi ya watoto au ya wakubwa?
Kijana wa Tanga akipewa rufaa ya Dar es Salaam, safari ni ileile, kilomita zipatazo 350. Kinachobadilika ni wodi. Kwa watoto, mama hukaa karibu, ila kijana aliyeota ndevu huona haya. Kwa wakubwa anaheshimiwa kama mtu mzima, lakini majirani zake ni wazee na hakuna anayemuuliza habari za shule.

Mimi nachagua watoto, umri ukiruhusu. Kwa lukemia kali ya limfoblasti, aina ya saratani ya damu inayokwenda haraka, vijana wanaotibiwa kwa mpango wa dawa wa watoto hupona zaidi kuliko wanaopewa ule wa wakubwa. Hilo ni zito kuliko aibu. Na kokote atakakolazwa, aelezwe habari ya uzazi kabla ya dripu ya kwanza, maana baadhi ya dawa huuharibu.