QGIS kwa wapima wa Unguja na Pemba: nzuri, ila usidai kila kitu

Kwa ramani za viwanja na mashamba ya karafuu, QGIS, programu huria ya kutengeneza ramani kwa kompyuta, inatosha kazi nyingi za ofisi, tena bila leseni ya kulipia. Wanaoitengeneza ni wachache kuliko maombi yanayowafikia, kwa hiyo chagua toleo la muda mrefu (LTR), linalotunzwa kwa muda mrefu. Hilo hupokea marekebisho ya hitilafu tu, si vipengele vipya, na kompyuta ya Wete na ya Mjini zitakwenda sawa.

Kinachoripotiwa sana kimakosa ni koodineti. Data ya Arc 1960, mfumo wa koodineti wa ramani za zamani za Afrika Mashariki, ikisomwa kama WGS 84, mfumo wa GPS, kiwanja huhama mamia ya mita. Hiyo si hitilafu ya programu. Ipe data hiyo EPSG:21037 (namba ya Arc 1960 kwa kanda yetu), mradi wenyewe uweke EPSG:32737 (ya WGS 84).

Unataka kipengele kipya? Tafuta kwanza programu-jalizi, yaani kijiprogramu cha kuongezea ndani ya QGIS. Nyingi zimeandikwa kwa lugha ya Python, na fundi wa hapahapa anaweza kukuandikia bila kusubiri timu kuu. Ukikosa, tuma kwa timu hiyo ombi moja kwa jambo moja: namba ya toleo, hatua kwa hatua, na faili ndogo ya mfano. Faili zima la shehia hakuna atakayelifungua. Ombi lenye mfadhili hutangulia, na hiyo ni haki kabisa.