Krimu ya jua yenye zinki na rangi: tumeipima dhidi ya makunyanzi

Krimu za jua za madini zimeshajipatia jina baya la kumwacha mtu na uso wa majivu. Tunayoizungumzia hapa ni ile yenye oksidi ya zinki kama kichujio kikuu cha miale, SPF 50 (namba ya kinga dhidi ya jua), iliyotiwa rangi ya kahawia kwa oksidi ya chuma. Kwa anayetaka ngozi isizeeke kabla ya wakati wake, aina hii tunaipa nafasi ya kwanza, na kasoro zake tutazitaja.

Namba ya SPF hupima hasa UVB, miale inayounguza. Inayozeesha zaidi ni UVA, ambayo ni takriban asilimia 95 ya urujuanimno (miale ya jua isiyoonekana kwa macho) unaofika ardhini. Hupenya hadi tabaka la ndani la ngozi, ikaamsha vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, na nyuzi za elastini zikajikusanya mabonge badala ya kuivuta ngozi irudi mahali pake. Haiumi wala haiwashi, na kioo cha kawaida cha dirisha hupitisha sehemu kubwa yake. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori mwenye miaka 69, aliyekuwa ameendesha kwa miaka 28. Shavu la kushoto, la upande wa dirisha, lilikuwa limejaa mifereji na ngozi imening'inia; la kulia ungedhani ni la mtu mwingine, tena mdogo kwake.

Kwa hiyo usiishie kwenye SPF. Ikipakwa sawasawa, SPF 30 huzuia asilimia 97 ya UVB na SPF 50 huzuia 98, tofauti ndogo mno. Tafuta herufi UVA ndani ya duara: kwa bidhaa za Ulaya maana yake kinga ya UVA haipungui theluthi ya SPF. Za Japani huandikwa PA na alama za kujumlisha, nne zikiwa ndiyo kiwango cha juu. Hapa ndipo zinki inapojitetea vizuri: inafunika sehemu kubwa ya UVA na jua haliivunji. Avobenzoni, kichujio cha kikemikali cha UVA, huharibika juani isipochanganywa na kitu cha kuituliza.

Rangi nayo si pambo. Oksidi ya chuma huzuia mwanga unaoonekana kwa macho, ambao kwenye ngozi ya kahawia na nyeusi huchochea madoa yasiyotoka upesi. Krimu nyeupe ya madini haifanyi kazi hiyo vya kutosha, hata iwe na SPF kubwa namna gani.

Sasa kasoro. Ni nzito, inachafua kola, na rangi zinazotengenezwa ni chache. Ngozi nyeusi sana mara nyingi haipati ya kuiendana. Ukiipaka juu ya losheni ambayo haijakauka, inajiviringa vipandevipande kama uchafu wa kifutio, na kila kipande kinachodondoka kinaacha sehemu ya uso wazi. Subiri dakika chache baada ya losheni, kisha gandamiza kwa viganja bila kusugua.

Kosa kubwa kuliko yote ni ubahili. Maabara hupima SPF kwa miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba. Watu wengi hupaka nusu ya hiyo au chini. Uso na shingo vinahitaji takriban mistari miwili ya krimu, kila mmoja urefu wa kidole, wa shahada na wa kati. Paka mstari mmoja, utandaze, ndipo uongeze wa pili, usisahau masikio na nyuma ya shingo. Kwa kipimo hicho tyubu ya mililita 50 haimalizi miezi miwili, hata ukipaka mara moja tu kwa siku. Ikikufikisha miezi sita, ujue hujapata kinga iliyoandikwa kwenye tyubu.

Kupaka kila siku kuna ushahidi wake. Katika utafiti wa Nambour, Australia, uliochapishwa 2013, waliopaka kila siku kwa miaka 4 na nusu walikuwa na dalili za kuzeeka kwa ngozi pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliopaka walipojisikia, na krimu yao ilikuwa ya SPF 15 tu.

Ukiwa nje rudia kila saa mbili, na mara tu baada ya kuogelea au kujifuta jasho. Tyubu usiiache ndani ya gari lenye joto. Ikianza kutoa maji kwanza ndipo krimu ifuate, mchanganyiko umeshatengana na vichujio havitatandaa sawa usoni. Itupe.