Uzoefu wangu: kuomba upya grini kadi ya ndoa kutoka Arusha, baada ya kuirudisha

Akaunti ya mtandaoni ya USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, naipa alama nzuri kabisa. Nimeitumia nikiwa Arusha, kwa ombi la ndoa la mtu aliyekwisha kurudisha grini kadi (kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani) kwa fomu I-407, ya kuacha ukaazi huo. Tatizo huwa kwetu waombaji, tunapodhani tunaanza upya. Faili la zamani lipo, na kila unachojaza leo kitalinganishwa nalo.

I-407 haina ada wala haikufungii mlango. Ila ombi la kwanza lilishatumika, hivyo mwenza raia wa Marekani anajaza I-130 mpya, fomu ya kumwombea mwenza wake: dola 625 mtandaoni, 675 kwa karatasi, kwa viwango vya Aprili 2024. Penye namba ya A, yaani namba ya faili lako la uhamiaji, weka ile ile ya zamani. Kwenye kadi imeandikwa USCIS#. Tunza nakala ya I-407. Ukishawishiwa kuomba SB-1, viza ya mkaazi anayerejea, kataa: hiyo ni ya mkaazi aliyekwama nje kwa sababu zisizo mikononi mwake, siyo aliyeacha ukaazi kwa saini yake.

Majina ndiyo yanayosumbua. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinasema Massawe, pasipoti Masawe, kadi ya zamani ina jina la mume. Nyoosha hayo kabla ya kulipa, na majina yote uliyowahi kutumia yataje kwenye fomu.

Tafsiri: ofisi moja ya mjini ilinipa karatasi yenye muhuri mkubwa mwekundu na hakuna kingine. Muhuri hautakiwi. Kinachotakiwa ni tamko lenye saini ya mfasiri kwamba anazimudu lugha hizo na tafsiri ni kamili na sahihi. Nyumba ikiwa na mtu anayejua Kiingereza vizuri, hiyo pesa mngebaki nayo.

Ombi likikubaliwa linaenda NVC, kituo cha viza cha Marekani: dola 325 za viza na 120 za fomu ya udhamini. Malipo yanatoka akaunti ya benki iliyoko Marekani, kwa hiyo ifungueni mapema.

Wanaoishi pamoja Njiro au Moshi hukwama kwenye makazi ya mdhamini, yaani yule mwenza raia. Kipato kikipungua, mdhamini wa pili anaweza kuziba pengo, makazi hawezi. Mwenza raia lazima aonyeshe kuwa anarudi kuishi Marekani: barua ya kazi, mkataba wa nyumba, shule ya watoto. Ritani za kodi pia, hata kama mshahara wake ni wa shilingi.

Cheti cha polisi cha Marekani hakihitajiki. Cha Tanzania kinahitajika. Picha ni sentimita 5 kwa 5, mwambie wa studio asikate ile ndogo ya pasipoti.

Miaka ya kadi ya zamani haihesabiwi kwenye uraia. Na kabla ya kutoa dola ya kwanza, someni tangazo la sasa la ubalozi kuhusu viza za uhamiaji kwa Watanzania, maana amri mpya hukuta kesi ikiwa katikati.