HIF-1 alfa au seli zilizokufa: kipi kinatabiri zaidi?

Mama anaketi mbele yangu hapa Nairobi, kijana wake kavimba goti, na majibu yanasema osteosakoma, yaani saratani ya mfupa. Swali lake ni moja: "Daktari, mwanangu atapona?"

Tunaweza kutafuta protini ya HIF-1 alfa kwenye kipande cha kwanza cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe. Penye oksijeni ya kutosha protini hii huvunjwa kwa dakika chache tu. Uvimbe ukikosa hewa, protini hii hujikusanya kwenye kiini cha seli na kuamsha jeni za kuotesha mishipa ya damu. Ikiwa nyingi, mara nyingi ugonjwa huwa mkali. Jibu huja mapema, kabla ya dawa. Ila maabara hazikubaliani "nyingi" ni kiasi gani, na kipande kikichelewa kutiwa fomalini (dawa ya kukihifadhi), rangi ya kuonyesha protini hudanganya.

Njia nyingine inataka subira: kemo (dawa za saratani), upasuaji, kisha kupima sehemu ya uvimbe iliyokufa. Ikifika asilimia 90, matumaini hupanda. Mimi naishika hii. Darubini na rangi za kawaida zinatosha, na inaonyesha dawa imemfanyia nini mtoto huyu hasa.

Lakini kabla ya yote, naangalia picha ya mapafu, nione kama saratani imefika huko.