Riviu: banda la makoti ya mtumba Njombe mjini, kwa mliopangiwa kazi huku mkitokea pwani

Nyota 4 kati ya 5. Naanza na nyota maana najua wengine mtasoma hapo tu mkaondoka. Sasa wale wenye barua ya kuripoti mkononi na hamjawahi kuvaa sweta tangu mzaliwe, kaeni.

Banda lenyewe halina jina. Ukitembea kuelekea soko kuu la Njombe utaona mstari wa wauza mitumba, yeye ana turubai la bluu lililofungwa kwa kamba za katani, makoti yananing'inia juu mpaka uyapangue kwa mikono kama mtu anaingia shamba la migomba, na mwenyewe amekaa katikati kwenye kistuli, kavaa sweta mbili, kitenge juu yake na mabuti. Ni mama wa makamo. Jina simtaji sababu sijamuomba ruhusa.

Mimi ni wa Tanga, Ngamiani, na maisha yangu yote baridi nilikuwa naijua ile ya feni ikiwa namba 3. Nikapangiwa kufundisha Njombe, na nikaripoti mwishoni mwa mwezi wa 5, yaani ukitaka kumtesa mtu wa pwani mlete huku kipindi hicho hicho, maana mwezi wa 6, wa 7 na wa 8 ndo baridi yenyewe. Mji upo zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mimi nimetoka pale bahari inapogonga ukuta. Begi langu lilikuwa na feni ya mezani (msicheke), chandarua, madera sita, na chupa ya mafuta ya nazi aliyokamua mama.

Sasa ujinga wangu ulianza kabla sijaondoka. Watu waliniambia Njombe baridi, nikasema mimi mjanja bwana, nikaingia mtandaoni nikaoda "jaketi la baridi kali" kwenye peji moja ambayo siitaji, 55,000, picha mzungu kasimama kwenye theluji anacheka. Na hita ndogo ya umeme juu yake, 65,000. Jaketi zipu ilikufa Makambako, basi halijafika hata Njombe, meno upande wa kushoto yameachana na ya kulia kama ndoa ya mitandaoni. Hita nayo ilikuwa inapuliza kama mtu anakupumulia shingoni, ukikaa mbali hatua mbili huisikii, ila mita ya LUKU ilikuwa inaisikia vizuri sana. Hita ya wati 1,500 ikiwaka saa moja imekula uniti moja na nusu, fanyeni hesabu wenyewe mtu akiiwasha saa 1 usiku mpaka saa 5. Nilipowatumia meseji wakanijibu "mpendwa bidhaa ikishatoka haturudishi". Mpendwa!

Asubuhi ya pili niliamka nikachukua mafuta ya nazi nipake nywele, nikapindua chupa, hayatoki. Nikatikisa, wapi. Nikaangalia kwenye mwanga, yameganda meupe kama mshumaa. Kwa akili yangu nikajua mama kauziwa nazi mbovu au kuna mtu kayachanganya na kitu, nikampigia simu kwa hasira kidogo, na yeye akacheka mpaka akakaa chini, akaniambia hayo ndo ya kweli, mafuta ya nazi halisi yakipata baridi lazima yagande, huku Tanga tu hatuoni kwa sababu joto halishuki hivyo. Kwa hiyo nilikuwa nalala kwenye chumba ambacho mafuta yanaganda, cha bati bila dari, na nimejifunika mashuka mawili na kanga. Simu ilikuwa inanionesha nyuzi 6 saa 12 asubuhi. (Ukitafuta nyumba huku ulizia dari kabla hujaulizia maji. Niamini.)

Ndo mwalimu mwenzangu akanipeleka kwa huyo mama.

Nilifika na lile jaketi nimelifunga kwa pini. Watu wa pale wananisalimia "kamwene" na mimi kila mtu naitikia "marahaba", hata wazee, mpaka yule mwenzangu akanifinya. Nikamwamkia mama, shikamoo, akaitikia, halafu hajaniuliza nataka nini, akashika kola ya jaketi langu kwa vidole viwili kama ameshika panya.

"Umetoka wapi na hiki kitu?"

"Tanga, mama."

"Nauliza jaketi."

Akaweka kiganja ndani, akapuliza kwa mdomo upande wa nje. "Lete mkono." Nikaweka mkono wangu ndani, akapuliza tena, nikausikia upepo wote kwenye kiganja. Akasema kama pumzi yangu mimi mama mzima inapita, upepo wa huku utakuuliza ruhusa? Hiyo ndo test namba moja na mimi sa hizi siwezi kununua koti bila kupuliza, watu wananiangalia.

Test ya pili ndo ilinimaliza. Akachomoa koti refu la kijivu, zito, akageuza pindo la chini akatafuta uzi uliotoka, akauvuta kidogo akaukata kwa meno, akawasha kiberiti. Uzi ukajikunja, ukatoa harufu ya nywele iliyoungua kabisa, kama saluni wakikosea na pasi, halafu ukabaki majivu ambayo ukiyabonyeza yanasagika. Akasema hii ni sufu. Akachukua uzi wa jaketi langu, akawasha, ule ukayeyuka ukawa kitonge cheusi kigumu. "Hii ni mfuko wa plastiki una mikono." Sufu hata ikilowa kidogo na ukungu bado inakupa joto, hiyo nyingine ikilowa ndo umevaa maji. Na kweli, huku ukungu asubuhi unatembea nao mpaka kope zinalowa.

Lebo ya lile koti ilikuwa ya Kijerumani, imeandikwa Wolle 70%, yaani sufu, bitana ya zambarau, na mfuko wa ndani nilikuja kukuta tiketi imefuliwa mpaka maandishi yamefutika. Huwa nawaza huyo bibi wa Ujerumani angeniona nasimamia paredi asubuhi na koti lake angesema nini.

Bei alianza 45,000, mimi nikasema 20, tukazunguka huko tukamalizana 32,000, na akanipa na kofia ya mzula juu yake ya bure kwa sababu "sikio lako linanitia huruma". Kwa wale mnaotaka kulinganisha: jaketi la mtandaoni 55 limeisha siku mbili, hili la 32 linaingia mwaka wa pili sijaongeza hata kifungo. Blanketi nililirudia wiki iliyofuata, lile zito la mtumba lililojazwa, 30,000, na siku hiyo ndo nililala usingizi wa kwanza wa maana Njombe. Hita nimemuuzia fundi simu kwa 20,000, anakaushia sijui nini, hainihusu.

Ila kitu ambacho nampa nyota kuliko hata koti ni maneno yake. Nilimwambia usiku naingiza jiko la mkaa chumbani lipashe kidogo kabla sijalala. Yule mama aliacha kukunja nguo. Akaniuliza mara mbili, ndani? umefunga dirisha? Akaniambia usirudie, ile hewa ya mkaa haina harufu, haina rangi, utahisi kichwa kizito utasema ni uchovu, ukilala huamki. Mimi nilikuwa kweli nina siku tatu kichwa kinauma asubuhi na nilikuwa nasingizia baridi!! Jiko linabaki nje au jikoni penye mlango wazi, mwili unapashwa kwa nguo na chakula, chumba kiache kama kilivyo. Wageni wenzangu hii muisome mara mbili, mengine mnaweza kuruka.

Ushauri wa jikoni pia anatoa bila kuombwa. Nilikuwa nalalamika maharage ya huku hayaivi, nimechemsha masaa matatu bado yanaruka kwenye sahani, akaniambia loweka tangu usiku na ufunike sufuria weka kitu kizito juu. Baadaye mwalimu wa fizikia shuleni akanielezea kwamba huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, hayafiki 100 kama Tanga, kwa hiyo unaona yanatokota kumbe hayana moto wa kutosha. Basi nimenunua preshakuka, maisha yanaenda. Viazi mviringo na maparachichi ya huku sina la kusema, najaza ndoo kwa hela ambayo kwetu ungepewa sahani, ila nazi mtanisamehe, nazi za huku zimesafiri mpaka zimechoka, ukikuna unakuna historia.

Sasa mabaya, maana si nimesema nyota 4.

Moja, hana kioo. Ana kipande kilichovunjika pembe, kikubwa kama daftari, amekichomeka kwenye nguzo usawa wa kiuno, kwa hiyo unajiona vifungo tu. Koti la kwanza nilinunua kwa kumwamini mwenzangu anayesema "limekupendeza", na huyo hata dera la pazia angesema limenipendeza. Mikono ilikuwa mirefu imefunika vidole, nikapeleka kwa fundi wakapunguza, 4,000 nyingine. Malipo nayo: lipa namba hana, ukimtumia kwenye simu anataka na ya kutolea, na anahesabu. Halafu saizi ndogo chache sana, makoti mengi ni ya majitu, mtu mwembamba utazama humo. Na ukienda mwezi wa 6 wenyewe bei imeshapanda, anakwambia machoni bila aibu "saa hizi baridi ndo inauza, mimi nakaa tu". Nguo za ndani na vitu vya hivyo msimuulize, hauzi, na za mtumba Shirika la Viwango (TBS) walishapiga marufuku, nunueni mpya dukani.

Kufua ndo mtihani ambao hakunionya, na nilimlalamikia. Mwezi wa 7 nikajifanya msafi, nikalowesha koti zima kwenye beseni na Omo, nikalitundika nje. Siku ya kwanza jua halikutoka. Siku ya pili lilitoka likachungulia likarudi. Siku nne! Siku nne naenda kazini nimevaa sweta tatu na kanga kiunoni kama naenda msibani, wanafunzi wanauliza mwalimu pole nani amefariki. Nilipomwambia akashangaa, "nani kakwambia koti la sufu linafuliwa? Linapigwa mswaki, linaanikwa upepo, basi." Sasa mama si ungesema siku ya kuuza.

Na wala sitaki mtu adhani koti ndo limemaliza kila kitu. Kuna Jumapili nakaa naisikia Tanga yote masikioni, adhana na muuza kahawa anagonga vikombe, na huku saa 2 usiku mtaa mzima umeshajifungia. Miezi ya mwanzo huo ukimya ulikuwa unaniumiza kuliko baridi. Nilichokuja kuelewa ni kwamba watu hawajanuna, wapo ndani wamezunguka moto, ukibisha hodi wanasogea unapata nafasi. Mimi nilikuwa nasubiri waje kibarazani, kibarazani kwenye nyuzi 8 nani atakaa?

Mwezi wa 12 nilienda nyumbani likizo. Nilipanda basi Njombe nimevaa kila kitu. Mafinga nikavua mzula. Iringa nikafungua vifungo, Kitonga tunashuka ile milima nikavua koti nikalipakata, tulipofika Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyao vimepangwa barabarani joto likanipiga usoni nikajikuta natabasamu peke yangu, na sweta ya mwisho ilitoka Mikumi. Nilifika Tanga na lile koti kwenye begi, mama akalitoa akalinusa akauliza hili ni la nani aliyekufa, nikampulizia pumzi kiganjani aone. Kalitundika kwenye msumari sebuleni wiki zote mbili, kila mgeni akija anagusishwa. Feni nimeirudisha kwake, yeye ndo mwenye nayo kazi.

Kwa mnaokuja: msinunue chochote cha baridi huko pwani, beba hela yako uje ununue kwa watu wanaoivaa. Nenda kabla ya mwezi wa 6, nenda asubuhi siku anayofungua belo (muulize, hubadilika), vaa nguo nyepesi ndani ili upimie juu, na jumlisha ya kutolea. Wiki iliyopita nimempeleka mwalimu mpya katokea Lindi na kijijaketi cha kung'aa, mama kakiangalia, kaniangalia mimi, kaanza kupuliza. Kioo bado ni kile kile, na hiyo nyota ya tano atanidai mpaka anunue kingine.