Muziki wa bei ya bodaboda mbili, na fundi asiyejua shikamoo

Naanza na shikamoo, maana ndiyo iliyoniudhi kuliko hata ubovu wenyewe.

Kijana wa duka alipofika kwangu Tabata kukagua muziki niliokuwa nimeununua kwao, mlango nilimfungulia mimi. Akasema "habari za hapa, mama," akanipita, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kochi alikojilaza mume wangu na kikoi chake, akainama: "Shikamoo, mzee." Mimi na mume wangu tumepishana miezi minne, na mkubwa ni mimi. Aliyelipa ni mimi. Risiti ina jina langu. Huyo mzee aliyepewa shikamoo mpaka leo anaiita amplifaya "ile betri yako".

Haya, muziki. Nilipostaafu na kiinua mgongo kuingia, kila mtu alinishauri nijenge vyumba vya kupangisha. Nikajenga, viwili. Kilichobaki nikanunua amplifaya, spika mbili za kusimama na mashine ya santuri, vyote kwa bei ya bodaboda mbili mpya. Wati ngapi sijui, na sikununua kwa ajili ya wati. Nilinunua kwa sababu ya kasha la marehemu baba lililokaa Morogoro miaka yote hiyo likiliwa na vumbi: Cuban Marimba, NUTA Jazz, Mbaraka Mwinshehe, santuri za enzi ambazo bendi zetu zilifunga safari hadi Nairobi kurekodi. Nusu yake makaratasi yameota ukungu, lakini santuri zenyewe ukiziosha zinalia.

Siku ya kwanza nilimweka Mbaraka. Mtu aliyefariki kwa ajali Mombasa mwaka 1979, na gitaa lake liko hapa sebuleni, nasikia mpaka kidole kikiteleza kwenye waya. Sikulia. Nilikuwa na mafua.

Halafu nikausikia. Chini ya gitaa kulikuwa na mvumo, mmmmmm, haukati, kama vile friji la jirani limehamia ndani ya spika. Nimeimba alto kwenye kwaya zaidi ya miaka thelathini, nikajua pale pale kwamba ile ni noti ya G, imepanda kidogo tu. Baadaye nikaja kuelewa ni kwa nini: umeme wetu unatikisika mara 50 kwa sekunde, na hiyo 50 imekaa jirani kabisa na G ya chini. Ukishausikia huwezi kuacha kuusikia. Wimbo ukiisha, wenyewe unaendelea.

Mimi nilikuwa mhasibu, sipeleki malalamiko bila vielelezo. Kabla fundi hajafika nilishafanya majaribio yangu. Nikipiga muziki kutoka kwenye simu, kimya, hakuna mvumo. Nikirudi kwenye santuri, upo. Na jambo la tatu, ambalo nililiona kubwa kuliko yote: nikiushika ule mkono wa chuma unaobeba sindano, mvumo unapungua. Nikiuachia unarudi. Nikamweleza yote, tena nikamwonyesha kwa mkono wangu.

Akacheka. Akamgeukia mume wangu: "Labda mama ana umeme."

Na mume wangu akacheka. (Hilo tumeshalizungumza ndani. Yamekwisha. Yamekaribia kwisha.)

Hakuinama kuangalia nyuma ya mashine hata mara moja. Suruali ilikuwa nyeupe, labda ndiyo sababu. Alisimama katikati ya sebule akatoa hukumu kwamba umeme wa mtaa wetu ni mchafu, na dawa yake ni stabilaiza, ambayo kwa bahati nzuri dukani kwao ipo, laki nane na nusu. Nikauliza: mbona simu haivumi, na soketi ni hiyo hiyo moja? Jibu alimpa mwenye kikoi: "Mzee, hizi mashine zinataka utaalamu."

Nikanunua stabilaiza. Ndiyo, mimi, na akili zangu timamu. Mvumo ukabaki pale pale, kwenye G yake. Nikapiga simu dukani, nikaambiwa mashine bado mpya, nitazoea. Nikakaa wiki kadhaa ninazoea.

Siku moja umeme umekatika, nimeshika tochi natafuta mjusi aliyeingia nyuma ya kabati (wanapenda sana joto la amplifaya, hilo nalo sikuambiwa dukani), nikaona kitu. Nyuma ya mashine ya santuri, pamoja na zile waya mbili nene, kulikuwa na kawaya kembamba kenye kijiuma cha chuma mwishoni. Kamekunjwa, kamefungwa na kamba ya plastiki ya kiwandani, hakajawahi kufunguliwa. Na nyuma ya amplifaya, pembeni ya matundu ya santuri, kuna skrubu ndogo imeandikwa GND, kifupi cha "ground", yaani ardhi. Kwenye kitabu cha maelezo jambo hilo limechorwa kabisa. Nikakata kamba, nikaingiza kijiuma, nikakaza kwa vidole. Bisibisi haikuhitajika.

Umeme uliporudi niliweka santuri nikasubiri. Kimya. Kimya cha kanisani.

Kumbe kinachotoka kwenye sindano ni kidogo mno, milivolti chache tu, na amplifaya inakikuza mara 100 hivi kabla hata hakijafikia kiwango cha simu. Takataka yoyote ikidandia hapo nayo inakuzwa. Kale kawaya kanaunganisha chuma cha mashine na cha amplifaya ili takataka ipite huko. Mkono wangu ndio uliokuwa ukijaribu kufanya kazi ya kale kawaya. Ushahidi niliutoa, ukachekwa.

Nikampigia. Akasema, "Kumbe! Basi si imepona? Msalimie mzee." Stabilaiza hawarudishi, boksi limefunguliwa. Sasa inalinda friji, na niseme ukweli, friji imetulia kuliko zamani.

Nilikuwa nimekusudia kuwaambia msinunue kabisa. Lakini jana usiku niliweka NUTA Jazz, nikamsikia mpiga saksofoni akivuta pumzi kabla ya kuanza. Anavuta pumzi! Kwa hiyo mashine, nunueni. Hapana, ngojeni: santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, ili ziende mwendo wake, inabidi uinue sahani inayozunguka uhamishe mkanda unaoizungusha kwa kidole, kila mara, kwa pesa yote ile. Redio ya santuri ya baba ilikuwa na swichi ya mwendo. Nunueni kama mna subira, na fundi mtafute mtaani kwenu, anayepiga magoti.

Shida ni sindano. Baada ya saa elfu moja hivi inabadilishwa, na ya aina yangu hapa mjini nimeiona duka hilo hilo tu. Nitakwenda mwenyewe, mzee atabaki na kikoi chake. Na pochi sitaifungua mpaka nimesikia shikamoo.